Karibu ya Bi Arafa

Nchi ninayoisimulia si hii yetu. Nalisema hilo mapema, maana kuna watu wakisikia hadithi hukimbilia kujitafuta ndani yake, na wakijiona hununa. Nchi yenyewe iko mbali, haifikiki kwa miguu wala kwa nauli, na jina lake limenitoka. Ninachokumbuka ni kwamba watu wake walikuwa na adabu kupita kiasi.

Adabu yao kubwa ilikuwa hodi. Mtu haingii kwa mwenzake bila kupiga hodi, na aliye ndani hawezi kuisikia akanyamaza. Mdomo unajifungua wenyewe: karibu. Unakaanga samaki, karibu. Unagombana na mumeo, mnatulia kwanza, karibu, mgeni anakunywa chai yake, akishaondoka mnaendelea mlipoishia. Wanasema kuna mwizi aliwahi kupiga hodi katika nchi hiyo, akakaribishwa, na kwa aibu akashindwa kuiba.

Katika mtaa mmoja wa mji wao mkuu, mtaa wa Mkekani, aliishi mjane mmoja, Bi Arafa, mpishi wa shughuli. Kama kungekuwa na mashindano ya kukaribisha watu, wengine wasingejisumbua kushindana. Karibu ya Bi Arafa ilisikika hadi kituo cha mabasi. Mtu alikuwa akipita na hamsini zake, anaisikia, anaitika ahsante, na kabla hajajua anafanya nini ameshika kikombe cha chai na anaelezwa habari za mume wa jirani. Uani kwake wanawake walisukana nywele, barazani vijana walicheza karata, na jikoni palikuwa na mtu ambaye hakuna aliyejua kaja na nani. Nyumba ikipungua watu, Bi Arafa alisema anaumwa kichwa.

Alikuwa akiishi na binti wa kaka yake, Zamda, msichana wa miaka kumi na sita. Baba yake alikuwa kazini kwenye mashamba ya chumvi, mbali, akamwacha kwa dada yake akijua kwamba mtoto hatakosa watu. Zamda alikuwa na mwanya mbele na kicheko kisichojua adabu. Akicheka, kuku walihama. Kule nako, kama kwingine ninakokujua, mwanya ulihesabiwa kuwa pambo, na huu ulikuwa wa ukoo: Bi Arafa mwenyewe alikuwa nao. Marehemu mumewe alikuwa akisema aliingia kwenye mapenzi kwa kupitia mwanya ule na hajaiona njia ya kutokea.

Barazani Zamda alikuwa akimfunga karata Twaha, mtoto wa nyumba ya tatu. Walikuwa wameanza kutaniana kabla hawajang'oa meno ya utoto. Yeye alimwita Twaha Mguu wa Kuku, Twaha akamwita Redio. Hakuna aliyewaangalia mara mbili.

Ndipo serikali ikaleta Mgeni.

*

Wizara ya Ukarimu na Mawasiliano iliitisha mkutano uwanjani. Waziri wake, Mheshimiwa Mtambalike, alikuja na msaidizi ambaye kazi yake ilikuwa kuanzisha makofi pale wananchi wanapochelewa kufurahi. Mheshimiwa akanyanyua kisanduku kidogo kilichopakwa rangi za bendera, chenye kipaza sauti na kijioo cha kuonyeshea picha.

"Wananchi wenzangu," alisema, "maadui wetu wa nje wana vyombo vinavyoingia majumbani bila hodi. Chombo chetu kimelelewa. Huyu ni Mgeni wa Taifa. Atapiga hodi. Asipokaribishwa haingii. Sasa niambieni, kuna uhuru gani zaidi ya huo?"

Msaidizi akaanzisha.

Sheria yenyewe ilisomwa baadaye kidogo, wakati watu wameshainuka kuelekea kwenye sinia za pilau, na ilisomwa na mtu mwenye mafua. Ilisema karibu ikitolewa na mtu mzima mmoja inawafunga wote waliomo nyumbani, hasa wasichana, kwa siku zote. Ilisema pia kwamba Mgeni hana kitufe cha kuzimia, kwa sababu mgeni hazimwi. Pilau ilikuwa nzuri.

Kesho yake vijana wa Wizara walizunguka Mkekani na visanduku mkononi. Walipofika kwa Bi Arafa, kisanduku kikasema hodi kwa sauti nyororo ya kike. Bi Arafa alikuwa anachambua mchele na mgongo ameupa mlango.

"Karibuuu," alisema. "Mgeni huyo apewe kiti."

Na Mgeni akapewa kiti. Bi Arafa akamfunika kitambaa cha kufuma ili asiingie vumbi. Baada ya muda si mrefu Wizara ilimletea tuzo ya Mlango Wazi, sahani ya dhahabu isiyokuwa dhahabu, kwa kuwa nyumba iliyomkaribisha Mgeni haraka kuliko zote nchini. Ikatundikwa ukutani, nasi tukaenda kuishangaa. Tulipewa chai.

*

Mgeni alikuwa mzungumzaji. Asubuhi aliwaongelesha wasichana peke yao. "Dada mrembo, umeshajitazama leo? Hebu jitazame tena." Wiki ya kwanza alizungumzia shingo, kwamba kuna shingo fupi, na mwenye nayo hajijui mpaka aambiwe. Kisha akazungumzia visigino, halafu nyonga, na rangi ya magoti. Nilikuwa sijawahi kusikia mtu akiachwa na bwana kwa sababu ya magoti yake, lakini baada ya Mgeni kusema, zilisikika habari tatu. Kila alipomaliza kutaja ubaya alitaja na dawa yake, na mahali inapouzwa.

Siku moja akafika kwenye mwanya, na hakuuita mwanya. Aliuita ufa. Akaonyesha kwenye kijioo msichana anayelia, kisha msichana yuleyule ameunganishwa meno ya mbele kwa uzi mweupe maalumu, anacheka bila kufungua mdomo, na mvulana amesimama nyuma yake na gari.

Jioni palikuwa na kipindi cha mapenzi. Wasichana waliambiwa kwamba mvulana anayekupenda kweli hasikii ukimkataa. Ukiona amesikia, ujue hakukupenda. Wavulana nao, kwa Wageni wa majumbani kwao, waliambiwa kwamba hapana ya msichana ni karibu iliyojifunika ushungi. Huo ukawa msemo wa mjini. Uliandikwa hata nyuma ya malori.

Shuleni walimu walianza kuona wasichana wanasoma kwa sauti huku wamefunika mdomo kwa kiganja. Wakalalamika. Serikali sikivu ile haikulala. Iliunda Tume ya Kuwasikiliza Wasichana, yenye wazee tisa wenye mvi za kuaminika. Tume ilikaa hotelini siku nzima kusikiliza. Wasichana hawakualikwa, kwa vile ingekuwa vigumu kusikiliza huku watu wanaongea. Ilipofika jioni wazee walitangaza kwamba hawakusikia lalamiko lolote.

*

Nyumbani kwa Bi Arafa, Zamda aliacha kucheka. Hakuacha kwa siku moja. Kwanza alianza kucheka akiwa ameshika upindo wa khanga mdomoni, halafu akawa anatabasamu tu, halafu akawa anatikisa kichwa kuonyesha kwamba kichekesho kimemfikia. Bi Arafa alifurahi. Alituambia mtoto amekua, ameingiwa na haya, na sisi tukampa hongera.

Jambo lenyewe lilitokea siku moja uani, watu tumejaa. Zamda alikuwa anapita na birika, mtu akasema neno la kuchekesha, na kicheko cha zamani kikamponyoka. Mgeni kwenye kiti chake alikuwa hajamaliza habari za ufa.

"Funga mdomo, mwanangu," Bi Arafa akamwambia, "upepo usije ukaingia ufani."

Tulicheka. Sikumbuki hata mmoja ambaye hakucheka. Bi Arafa alicheka zaidi kuliko sote, na mwanya wake nje. Zamda alimimina chai, hakumwaga hata tone, akarudi ndani.

Uzi aliununua baada ya hapo. Aliufunga kwenye meno ya mbele, akaukaza kila asubuhi kama Mgeni alivyoelekeza. Ufizi ukavimba. Akawa anakula uji tu, kwa upande mmoja wa mdomo, na alipoulizwa alisema hana njaa. Mgeni alikuwa ameshasema kwamba msichana asiye na njaa hupendeza.

Twaha naye alikuwa na Mgeni kwao. Akaacha karata, maana alisikia kwamba mwanamume akifungwa na msichana huwa amepoteza zaidi ya mchezo. Akanunua miwani myeusi. Akimkuta Zamda bombani hakumwita Redio tena; alimwambia, "Mrembo, moyo wangu unahitaji huduma." Zamda alimwambia aache upuuzi. Twaha akafurahi sana, maana hiyo ilikuwa hapana ya kwanza, na kwa hesabu za Mgeni mambo yalikuwa yanaenda vizuri.

*

Siku ya Ijumaa, Zamda alikuwa amekaa peke yake chumbani, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, anajaribu kulegeza uzi kwa sindano. Wasukaji walikuwa wamekwenda kununua vitumbua. Twaha akapiga hodi mlango wa mbele. Kutoka jikoni, akiwa na mwiko mkononi na bila kuuliza ni nani, Bi Arafa akaitika kama kawaida. Twaha akaingia. Akapita ukumbini, akavuka, akafunua pazia la chumba cha Zamda, akaketi kitandani kwake na kumshika mkono.

Bi Arafa alisikia kishindo cha kigoda. Alipofika mlangoni, Zamda amesimama ukutani na Twaha bado kaketi, miwani usoni, anaonekana kama mtu aliyesomea mtihani mwingine.

"Mimi sikukukaribisha," Zamda alisema.

"Shangazi yako amenikaribisha," Twaha akajibu, na hakuwa anatania. Ndivyo alivyojua.

Zamda akamgeukia Bi Arafa. Mdomo ulikuwa umefunguka, na ndani yake palikuwa na damu na uzi.

"Shangazi, wewe unakaribisha kila kitu humu ndani. Mimi hujaniuliza hata siku moja."

Twaha akavua miwani. Akatoka bila kuaga, na hilo katika nchi ile lilikuwa kosa kubwa, lakini siku hiyo hakuna aliyelitazama. Wasukaji waliporudi na vitumbua walimkuta Bi Arafa amekaa chini sakafuni, nje ya pazia, mwiko bado mkononi. Sufuria liliungua. Akaulizwa ana nini. Alisema kichwa, ingawa nyumba ilikuwa imejaa.

*

Bi Arafa alikwenda Wizarani kurudisha karibu yake.

Wizara ya Ukarimu lilikuwa jengo kubwa lenye mlango mmoja, na mlango umefungwa. Akapiga hodi. Kimya. Akapiga tena. Ukutani palikuwa na tangazo la rangi: WIZARA HAIPOKEI WAGENI. Alikaa ngazini mpaka jua likamhamia, na ndipo dirisha dogo likafunguka na karani mmoja, Bwana Lusinde, akatoa nusu ya uso.

Bi Arafa akaeleza. Karani alimsikiliza kwa huruma ya kiofisi. Akasema jambo hilo halipo. Kuna kukaribisha, na hakuna kinyume chake. Wataalamu walikaa wakatafuta kinyume cha kukaribisha, wakaona kwamba hakiendani na mila. Mgeni aliyekaribishwa amekaribishwa. Hata hivyo, kwa kuwa yeye ni mshindi wa Mlango Wazi, angemdokezea njia moja. Nyumba isiyo na watu haiwezi kuwa na mgeni. Akiapa kwamba nyumba yake haina mtu, Mgeni ataondolewa kesho yake.

"Lakini sisi tumo," Bi Arafa alisema.

"Mtaendelea kuwemo, mama, ila kiserikali hamtakuwemo. Mlangoni patapigwa bati la HAPANA MTU. Ndugu, jirani, msusi, mcheza karata, hakuna atakayeruhusiwa kukaribishwa, maana nani atakayemkaribisha? Kodi ya nyumba mtalipa kama kawaida. Kodi haimhitaji mtu awepo."

Bi Arafa aliomba muda wa kufikiri. Karani alisema dirisha linafungwa.

Sisi tulioijua nyumba ile tunajua alichokuwa anaombwa. Wengine wanaishi kwa chakula. Yule mama alikuwa anaishi kwa watu. Tulipopata habari baadaye, wapo waliosema amekosea, mtoto angezoea tu, mbona wetu wamezoea. Nakiri sikuwapinga.

Aliapa pale pale dirishani.

*

Walikuja wakamchukua Mgeni na kitambaa chake cha kufuma. Wakashusha ile sahani ya tuzo. Wakapiga bati mlangoni kwa misumari minne, na Mkaguzi wa Nyumba Tupu akapangiwa kupita kila siku kuhakikisha kwamba hakuna mtu.

Nyumba ikatulia. Tulipita nje tukajifanya tunatazama mbele. Harufu ya nazi ilitoka jikoni kwa mtu asiyekuwepo, na hatukuweza hata kuisifia.

Zamda hakumshukuru shangazi yake, wala sijui kama alipaswa kushukuru. Uzi aliutoa mwenyewe. Ufizi ulichukua muda kupona, na muda huo wote hakuzungumza zaidi ya shikamoo na maamkizi. Bi Arafa alimwekea uji nje ya pazia. Bakuli lilirudi limeoshwa.

Lakini bombani Zamda alikuwa anazungumza. Alikuwa amekumbuka jambo ambalo sote tulifundishwa utotoni tukaliacha kwa haraka ya ukarimu: kwamba kabla ya kusema karibu, mtu huuliza. Nani? Unataka nini? Na kwamba mpiga hodi akiita mara tatu asijibiwe, anakwenda zake. Wasichana wa pale bombani wakaufanya mchezo. Mmoja alikuwa Mgeni, anabana pua na kusema, "Dada mrembo, umeshajitazama leo?" Wengine wanamuuliza kwa pamoja: Wewe nani? Unauza nini? Aliyekutuma atapata nini nikijichukia? Anayeigiza akikosa la kujibu anamwagiwa maji.

Kisha wakajaribu nyumbani, kwenye zile nyumba ambazo vijana wa Wizara walikuwa hawajazifikia na wakubwa hawajatoa karibu yao. Mgeni akisema hodi, msichana anawahi kabla ya mama yake: "Nani?" Na Mgeni wa Taifa, pamoja na malezi yake yote, alikuwa hajafundishwa kujitaja. Alirudia hodi. "Nani?" Alirudia tena. Halafu akanyamaza, kwa mujibu wa mila. Mheshimiwa Mtambalike alilihutubia taifa kwamba kuuliza nani ni utamaduni wa kigeni. Msaidizi alianzisha makofi, na siku hiyo alimaliza peke yake.

Twaha alirudi. Alisimama mbele ya bati bila miwani na kupiga hodi, jambo ambalo lilikuwa kinyume cha sheria. Ndani, Bi Arafa alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, na aliyemchungulia dirishani anasema machozi yalimtoka kwa kuibana ile karibu. Zamda hakuitika. Twaha akapiga ya pili, akapiga ya tatu. Akaondoka.

Kesho yake bombani Zamda ndiye aliyeanza.

"Jana nilikusikia."

"Mbona hukuitika?"

"Sikutaka."

Twaha akatazama ndoo yake. Akasema haya. Akasema pia kwamba siku ile alikosea, na kwamba amekuwa akilifikiria jambo hilo kila akipita pale. Zamda alijaza maji mpaka mwisho, akajitwisha, ndipo akamjibu.

"Siku nikitaka nitakuambia, Mguu wa Kuku. Na itakuwa barazani, na karata uje nazo wewe."

*

Mwisho wake tuliusikia wote, maana siku hiyo tulikuwa tumesimama nje ya ile nyumba. Hatukuwa na shughuli pale. Tulizoea tu.

Bi Arafa alikuwa amepika wali wa nazi, wa kwanza tangu mtoto aanze tena kutafuna. Aliyechungulia dirishani alimwona akibeba sahani mpaka kwenye pazia. Siku nyingine angelifunua kwa bega akaingia anaongea. Alisimama. Akapiga hodi, yeye aliyekuwa hajawahi kuipiga ndani ya nyumba yake. Kimya. Akapiga ya pili. Ya tatu ilikuwa ndogo kiasi kwamba tulio nje tulisogea kuisikia. Alikuwa ameshageuka na sahani yake pale sauti ilipotoka ndani.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Shangazi yako. Arafa. Yule wa ufa."



"Unataka nini, shangazi?"

Mwanamke yule aliyekuwa na maneno ya kuwatosha watu arobaini alitafuta moja likamchelewea.

"Nimekuja kuuliza kama naweza kuingia."

"Bado," Zamda alisema.

"Haya, mwanangu."

Na akaketi, nje ya pazia, na sahani mapajani. Baada ya muda mkono ukatoka chini ya pazia ukachukua sahani ukaiweka chini, nusu ndani nusu nje. Wakala hivyo, mmoja ndani mmoja nje, na mambo waliyoambiana hatukuyapata vizuri, ila palifika mahali Bi Arafa akaeleza marehemu mumewe alivyoingia kwenye mapenzi na kukosa njia ya kutokea, na hapo, kwa mara ya kwanza baada ya miezi, kuku wa Mkekani walihama.

Mkaguzi wa Nyumba Tupu alikuwa anapita. Akasimama, akasoma bati, akatega sikio. Akatuuliza kama kuna mtu ndani.

Tukatazamana. Kila mmoja wetu alikuwa na hodi mdomoni, na kila mmoja alikuwa ameshakicheka kile kinywa cha Zamda. Tukamwambia hapana mtu, kisha tukarudi kwetu, maana hatukukaribishwa.